Joshini na Demani: Namna ya Kuandaa Mpango wa Dharura na Daftari la Hewa kwa Mtaa Jirani na Viwanda, Mombasa

Mwongozo huu nimewaandikia wanakamati wa mitaa, wazee wa Nyumba Kumi, walimu, maimamu na wachungaji walio kati ya Shimanzi, Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini. Kazi yangu ni usalama wa viwandani. Jioni nyingi, baada ya swala ya magharibi, nimekaa na kamati za namna hii tukichora ramani kwenye karatasi ya manila huku kahawa tungu ikizunguka. Vifaa ni vichache: daftari moja la jalada gumu, simu yenye kamera, na miguu.

Daftari liwe moja. Kamati nyingi hufungua mafaili mawili: la dharura, ambalo hufungwa kabatini, na la malalamiko ya moshi na vumbi, ambalo hubebwa na yule mwanakamati mmoja mkali. Kiwanda ni kilekile, na upepo ni uleule. Anayejua moshi wa alfajiri huangukia nyumba zipi ameshajua gesi ikivuja usiku itaanza na nani.

Hatua ya 1: Tembeeni muorodheshe

Nendeni wawiliwawili, mchana wa siku ya kazi, na mara nyingine usiku. Andikeni kila depo ya mafuta au gesi, kila godauni lenye harufu, yadi za trela, gereji zinazochomelea, na mahali taka zinapochomwa. Msivisahau viwanda vya barafu na maghala ya baridi ya samaki, maana mengi ya majokofu hayo makubwa huendeshwa kwa amonia. Palipo na mtambo wa kutibu maji au bwawa la kuogelea, ulizeni kuhusu klorini. Kwa kila pahali andikeni namba ya simu ya lango, si ya ofisi. Saa nane usiku ofisi haipokei, mlinzi hupokea.

Kisha simameni kando ya barabara kuu msome malori. Kibao cha rangi ya machungwa kina namba mbili. Ya chini ina tarakimu nne, nayo hutaja mzigo: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1075 au 1965 gesi ya kupikia, 1005 amonia, 1017 klorini, 1830 asidi ya salfuriki. Ya juu hutaja hatari yake, na ikianza na herufi X, mzigo huo haumwagiwi maji. Vijana wa boda boda huzishika namba hizi kwa siku mbili. Sisi wenye miwani tulihitaji wiki. Basi wapeni wao kazi hiyo.

Jambo la mwisho la hatua hii ni mifereji, na ndiyo huachwa kila mara. Petroli hufuata mteremko, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishuka na mfereji hadi katikati ya nyumba, watu wakaenda kuchota, moto ukaripuka, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Chora kila mfereji, na uweke mshale wa maji yanakokwenda.

Hatua ya 2: Jueni upepo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoaibika.

Zoezi la kwanza nililosimamia lilikwenda vizuri kwa karatasi. Filimbi ikapulizwa, watu wakatoka, tukawapanga mistari uwanjani. Ng'ambo ya ua palikuwa na mama anayeuza viazi karai. Alikuwa amehamisha jiko lake asubuhi ile ili moshi usiwapige wateja, na moshi wote sasa ulikuwa ukitupita sisi, mstari hadi mstari, watoto wakipiga chafya. Nikageuka kuangalia upepo unakotoka. Ulitoka moja kwa moja kwenye ukuta wa godauni tuliloigiza kwamba linavuja. Nilikuwa nimewakusanya watu wote mahali pabaya kuliko mahali pote mtaani.

Mabaharia wetu wana maneno mawili yanayotosha mpango mzima: joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakokwenda. Andikeni maneno hayo kwenye ramani, badala ya "eneo salama" na "eneo la hatari", kwa sababu usalama wa mahali hubadilika na msimu.

Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa tisa au wa kumi. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu. Kati ya misimu hiyo ni tangambili, na hapo usiamini kalenda. Ukipotea dira, ingia msikiti wowote: Makka iko karibu kabisa katika longitudo yetu, kwa hiyo kibla cha Mombasa ni kaskazini. Mihirabu ndiyo dira ya mtaa, na haihitaji betri.

Sasa weka pepo hizo juu ya ramani. Wakati wa kusi, moshi wa Changamwe huelekea Mikindani na Jomvu. Wakati wa kaskazi hurudi upande wa Port Reitz. Shimanzi ndiyo huninyima usingizi: kusi hupeleka moshi wake upande wa Makupa na Kibarani, yaani juu ya mlango uleule ambao watu wa kisiwani wangependa kuutumia kukimbilia bara. Mpango wa Shimanzi usiotaja Daraja la Nyali, njia nyingine ya kutoka kisiwani, kwa miezi ya kusi una kasoro.

Kuna na usiku. Upepo wa bahari hulala, hewa hutulia, na mara nyingi kipupwe chepesi hutoka bara kwenda baharini. Moshi hauinuki, hutambaa. Ndiyo maana harufu mbaya zaidi huja kabla ya adhana ya alfajiri, na watu hudhani kiwanda huwasha mitambo kwa siri saa hiyo. Pengine huwasha, pengine ni hewa tu imekataa kupanda. Daftari ndilo litakaloamua.

Siku yenyewe usitafute simu ya kukupa hali ya hewa. Tazama leso zilizoanikwa, makuti ya mnazi, bendera za kituo cha mafuta. Kisha usikimbie mbele ya upepo, na usiupasue kuelekea chanzo. Ukate kwa ubavu, toka nje ya njia yake, ndipo uelekee joshini.

Hatua ya 3: Fungueni kurasa za hewa

Kila mstari uwe na tarehe, saa, mahali, upepo unatoka wapi, mlichonusa au kuona, na nani aliyeugua. "Kunanuka sana kila siku" haina faida kwa mtu yeyote. "Jumanne, saa 11:20 alfajiri, nyuma ya madrasa, hewa imetulia, harufu ya mayai yaliyooza, watoto wawili wamekohoa" ni ushahidi. Vumbi lipigieni picha kwenye sahani nyeupe iliyoachwa nje usiku kucha, na ubavuni mweke gazeti la siku hiyo.

Mkipata kifaa cha bei nafuu cha kupima chembechembe laini, PM2.5, kitundikeni kwenye kivuli, mbali na jiko. Kifaa hicho huhesabu chembe kwa mwanga, na unyevu wa Mombasa ukipanda sana huhesabu hata matone ya maji. Kwa hiyo mvua ikinyesha au ukungu ukiwepo, wekeni alama kando ya namba. Kisome kwa mwenendo wake: saa gani hupanda, kwa upepo upi. Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Kanuni za Ubora wa Hewa za Kenya za 2014 ziliweka 75. Kabla hamjaandika tarakimu kwenye barua, ombeni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nakala ya kanuni zinazotumika sasa. Na namba za kifaa chenu hazitamtia mtu hatiani peke yake. Kazi yake ni kuonyesha maabara iliyoidhinishwa ije saa ngapi na isimame wapi.

Akiwepo anayewaambia kwamba moshi si dharura, mpelekeni Owino Uhuru, hapo Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu hakikuripuka. Kilisambaza risasi, yaani metali ya sumu iitwayo "lead", kidogokidogo, hewani na majini, mpaka vipimo vya damu vya wakaazi vikasema. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, alianza na vipimo na karatasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa miaka kadhaa baadaye.

Hatua ya 4: Andikeni barua

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti zimamoto na usimamizi wa majanga, na humohumo udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo barua ya kaunti ni moja. Nakala iende NEMA, na kama hatari iko ndani ya mahali pa kazi, kwa idara ya usalama na afya kazini.

Ombeni vitu vitatu vyenye majina: leseni ya utoaji moshi ya kiwanda husika, ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya mwaka uliopita, na mpango wake wa dharura. Tajeni Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na saa 48 kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Mkinyimwa, nendeni kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ombeni ofisi ipige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Ofisi moja, sitaitaja, ilinipotezea barua mara mbili mpaka nilipoanza kuja na kitabu cha kusaini.

Kifungu cha 42 ndicho kinachotoa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinaruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Vitajeni kwa adabu, mwisho wa barua. Na mwalikeni meneja wa kiwanda barazani kabla ya kumshtaki. Wengine huja, na wanaokuja ndio hutoa namba za zamu ya usiku.

Hatua ya 5: Ukurasa mmoja ukutani

Mpango wenye kurasa 40 hausomwi na mtu anayekohoa. Ukurasa uwe na namba: 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199, zimamoto ya kaunti, na lango la kila kiwanda. Uwe na watu wanne kwa majina na wasaidizi wao: anayepiga simu, anayeshika kipaza sauti, anayewabeba wazee na wagonjwa, anayewapokea zimamoto barabarani na kuwaambia namba ya kibao. Uwe na mahali pawili pa kukutana, pa kusi na pa kaskazi.

Halafu uamuzi: kukimbia au kujifungia? Gesi ya kupikia ni nzito, hulala chini na kungoja cheche. Usiguse swichi, usiwashe pikipiki, ondoka, epuka mabonde na mifereji. Lori la gesi likishika moto, vitabu vya waokoaji hutaka watu waondoke mita 1,600 kila upande. Petroli iliyomwagika bila moto, anza na mita 50, na ikiwa nyingi, 300 upande wa demani.

Klorini na amonia ni hadithi nyingine. Aliye karibu na mwenye njia ya kukata upepo aende. Aliyezingirwa na mwenye nyumba ya mawe aingie ndani, afunge madirisha, azibe matundu ya hewa yale ya juu kwa leso zilizolowa, azime feni. Klorini ni nzito, kwa hiyo panda ghorofani. Amonia ni nyepesi, lakini ikivuja kwa wingi wingu lake baridi hutambaa kwanza. Nyumba ya mabati haizuii kitu. Mitaa ya mabati ipewe nafasi ya kwanza kwenye orodha ya kuhamishwa, na msikiti au shule ya mawe iliyo jirani iombwe ufunguo mapema.

Hatua ya 6: Zoezi, na kubadilisha karatasi

Fanyeni mara mbili kwa mwaka, moja kusi, moja kaskazi. Washeni jiko la kuni mahali mnapoigiza uvujaji, muone moshi unakwenda wapi, na mpimeni dakika tangu tangazo la kwanza hadi mtu wa mwisho. Tangazo litoke kwenye kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa kwa pamoja, na mkubaliane mapema maneno yenyewe, mathalani: "Gesi. Upepo kusi. Nendeni uwanja wa chini." Mara moja tulisema tu "ondokeni," na nusu ya mtaa ikaja kuuliza kuna nini.

Mwezi wa nne na wa kumi na mbili, ng'oeni ukurasa ukutani mbandike mwingine. Pigeni kila namba kabla ya kubandika. Ile isiyopokelewa ifuteni kwa kalamu nyekundu siku hiyohiyo, na mmoja wenu aende kwa miguu hadi lango lile akaulize mlinzi mpya anaitwa nani.