Kabla ya kwenda NAICCON: vazi, simu na padi

Sarit Expo Centre ya Westlands, Nairobi, ambako NAICCON, tamasha la vibonzo, michezo ya video na kosplei (kuvaa kama wahusika wa hadithi hizo), imekuwa ikifanyika, iko ndani ya jengo la maduka. Kwa hiyo kabla hujamfikia mkagua tiketi utapita kwa askari wa mlangoni, naye hamjui Cloud Strife, mpiganaji wa mchezo wa Final Fantasy VII. Anachokiona ni upanga mrefu kuliko mtoto. Wa sponji hupita ukimpa aushike mwenyewe. Wa chuma, hata butu, uache nyumbani. Bunduki ya kuchezea ipake rangi ya chungwa mdomoni na uibebe ndani ya mfuko hadi ukumbini, kwani Westgate, iliyoshambuliwa Septemba 2013, iko mtaa huohuo.

Madoadoa ya jeshi usiyajaribu kabisa. Sheria ya Kenya, kama ilivyo Tanzania na Uganda, inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au inayofanana nayo, na "ni kosplei tu, afande" si utetezi. Snake, askari wa mchezo wa Metal Gear, ana vazi la kijivu lisilo na madoa, chukua hilo.

Wiki moja kabla, vaa vazi zima kwa saa 2 nyumbani: panda ngazi, keti, nenda msalani. Hapo ndipo utagundua kwamba deraya ya mapajani haikuruhusu kukaa kwenye kiti cha matatu. Angalia pia gundi. Gundi ya moto hulainika kwa joto, ndiyo maana vipande huachana kwenye buti la gari lililopigwa jua. Supagluu hukauka ikawa ngumu kama kioo, ikakatika panapokunjwa, yaani begani na gotini. Kwa sponji ya EVA, ile nyepesi inayotengenezewa deraya, gundi ya fundi viatu ndiyo inayostahimili: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hivi hadi isinate kidoleni, kisha bandika. Lenga vizuri, maana ikishashika haiachii.

Hata hivyo kitu kitakatika. Beba sindano na uzi, pini 10, selotepu pana na vifungio vya plastiki vya nyaya. Rangi ya uso ijaribu kwenye mkono siku moja kabla. Ngozi ikiwasha, bora ujue mapema. Lenzi za macho haziazimwi, wala hazioshwi kwa maji ya bomba.

Tiketi ihifadhi kama picha kwenye simu, kwa sababu ukumbi ukijaa intaneti huwa nzito. Programu ya M-Pesa ikigoma kufunguka, piga *334# ulipe bila data. Beba pia noti za 50, 100 na 200: msanii anayeuza stika hana chenji ya elfu moja saa nne asubuhi. Bango la A3 lina urefu wa sentimita 42 na halitoshi kwenye begi la kawaida bila kukunjwa, kwa hiyo beba bomba la karatasi ngumu. Pawa benki iliyoandikwa mAh 10,000 hukupa takriban 6,000 tu, kwa kuwa nguvu nyingine hupotea umeme ukipandishwa hadi volti 5. Hiyo ni simu moja kujaa na kidogo, basi.

Anayeingia mashindano ya michezo ya kupigana, Tekken 8 au Street Fighter 6, aje na padi yake, yaani kidhibiti cha mkononi. Padi ya PS4 (PlayStation 4) haichezi michezo ya PS5, na kila mwaka yuko anayelijua hilo akiwa tayari mezani. Leta waya wa USB-C wa mita 3 unaopitisha data. Nyingi za bei rahisi huchaji tu. Mwombe msimamizi aiweke mashine itumie USB badala ya Bluetooth. Fika dakika 30 kabla ya kuitwa, kwa kuwa asiyeitika hutolewa. Ukimaliza, tenganisha padi na mashine kwenye mipangilio ya Bluetooth, si kuchomoa waya tu. Isipotenganishwa, kitufe kikibonyezwa begini mwako kinasimamisha mechi ya wengine katikati ya raundi, na watakaokutafuta ni wawili.