Umeumia kazini Industrial Area? Namna ya kudai fidia ya WIBA bila kutembezwa

Kijana wa jirani hapa Mukuru, Nairobi, alikatwa vidole viwili na mashine ya mabati, zamu ya usiku. Mama yake alinigongea mlango na bahasha ya karatasi: "Baba, wewe ulishawahi kupita huku, hebu tuangalilie." Kweli nilishapita, mgongo wangu ndio shahidi. Ninachoandika hapa ni ile njia tuliyofuata naye, pamoja na pale tulipokwama, ambapo hata mimi niliyejiona mjuzi nilichemka.

Sheria yenyewe ni ya Kenya ya mwaka 2007, ile ya mafao ya walioumia kazini, ambayo kila mtu huiita WIBA. Inamlinda kibarua sawa na mwajiriwa wa barua. Hata dada wa kazi za nyumbani yumo. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mzembe, ila uonyeshe kwamba uliumia ukiwa kazini. Ukipanda gari ambalo mwajiri ametoa kuwabeba wafanyakazi bure, nalo lipate ajali, hiyo pia huhesabiwa ni kazini.

Hatua ya 1: Mwambie mwajiri, na uache alama

Kusema kwa mdomo kunakubalika kisheria, lakini mdomo hauna fotokopi. Tuma ujumbe wa simu kwa supavaiza siku hiyohiyo: tarehe, saa, mashine, kiungo kilichoumia. Kama umeletwa na ajenti, tuma kwa ajenti na kwa mwenye godauni pia, maana baadaye kila mmoja atasema wewe ni wa mwenzake.

Hatua ya 2: Hospitali

Hapa ndipo palipotula miezi.

Kijana alipelekwa na supavaiza. Nesi akauliza, "Imekuwaje?" Supavaiza akawahi kujibu: "Alijikata nyumbani." Kijana anavuja damu, atabishana saa ngapi? Ikaandikwa hivyo. Tulipokuja kudai, bima ya mwajiri ikashika neno hilo moja na haikuliachia.

Kwa hiyo, ukiweza kusema, sema mwenyewe. Kama huwezi, aende nawe mfanyakazi mwenzako au mtu wa nyumbani, si mtu wa ofisi peke yake. Kabla ya kutoka, omba usomewe kilichoandikwa. Angalia mambo manne: neno "kazini" lipo, saa ya kufika inalingana na zamu yako, mkono ulioandikwa ndio ulioumia (nimeona wa kulia ukiandikwa wa kushoto, na dai likarudishwa), na jina ni lile la kitambulisho, si la mtaani.

Kama kadi imeshaandikwa vibaya, usiifute wala kuongeza neno kwa kalamu yako. Hiyo ni kughushi, na itaua hata sehemu iliyo kweli. Nenda kitengo cha rekodi cha hospitali, uombe nakala ya faili lako lote, siyo kadi tu. Sisi tulikuta daktari aliyeshona kidonda alikuwa ameandika "mashine" kwenye karatasi ya chumba cha upasuaji, ingawa mapokezi waliandika "nyumbani". Kisha omba daktari aliyekuhudumia aandike maelezo ya nyongeza, yenye tarehe ya siku anayoyaandika, sahihi yake na mhuri. Anaweza kukataa, na ana haki, kwani hakuwepo kwenye ajali. Hapo tegemea mashahidi: wenzako wawili wa zamu waandike walichokiona, kila mmoja kwa maneno yake. Maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno hayamdanganyi mtu. Ongeza daftari la mlangoni linaloonyesha uliingia na hukutoka kwa saa ya kawaida. Wengi husahau daftari la askari wa geti, na mimi nalipenda kuliko karatasi nyingine yoyote.

Jambo jingine la hospitali: ukiambiwa "lipa na SHA, tutamalizana", yaani utumie bima ya afya ya serikali, jua kwamba gharama za matibabu zinazofaa ni mzigo wa mwajiri, pamoja na usafiri wa kwenda hospitali. Weka risiti zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki.

Hatua ya 3: Fomu

Ni DOSH/WIBA 1. Mwajiri hujaza sehemu yake, daktari ya kwake. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na kwa kifo ni saa 24. Asiporipoti, usikae nyumbani kumngojea. Unaweza kupeleka dai mwenyewe, na muda wa kulipeleka ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwaka huo huisha upesi kwa mtu anayeambiwa "njoo Jumatatu".

Asilimia ya ulemavu usiiharakishe. Daktari aiandike kidonda kikishatulia, maana kidole kinachoonekana kimepona huenda kisikunjike.

Hatua ya 4: Mshahara wako halisi

Ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu ya mapato ya miezi 96. Ukipata 20,000 kwa mwezi, 96 ni 1,920,000. Ulemavu wa asilimia 10 ni 192,000. Mwajiri akiandika kwamba unapata 15,000, hiyo asilimia 10 inashuka hadi 144,000. Shilingi 48,000 zimeyeyuka kwa tarakimu moja iliyoandikwa ofisini. Ili kuonyesha unacholipwa kweli, toa taarifa kamili ya M-Pesa kupitia *334#, ichapishwe saiba. Picha za skrini za simu mimi sizitaki. Zinakatwa, zinapoteza tarehe, na karani hana hamu nazo.

Siku ulizolazwa au kukaa nyumbani, zikifika tatu au zaidi, nazo zina malipo yake, na yanaweza kwenda hadi miezi 12.

Hatua ya 5: Safety House

Ndiyo ofisi ya yule Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, iko Commercial Street, hukuhuku Industrial Area. Beba asili na nakala, acha nakala, gongesha mhuri kwenye nakala yako. Dai likishawasilishwa kwa mwajiri au bima, wana siku 90 za kulipa.

Katikati ya hizo siku 90 utaitwa ofisini kwa mwajiri uonyeshwe bahasha ya 30,000 na karatasi ya kusaini kwamba "huna dai tena". Sheria haitambui mkataba wa kujinyima mafao haya, lakini ukishasaini utatumia muda mwingi kueleza. Usisaini. Na yule mtu mwenye maneno matamu anayekufuata wodini akisema ana wakili mzuri, mwambie asante, humhitaji.

Hatua ya 6: Usiporidhika

Una siku 60 za kupinga uamuzi wa Mkurugenzi. Akikujibu na bado huridhiki, siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Kazi, iliyoko Milimani. Kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani kudai fidia si njia tena. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii Desemba 2019. Ila kama aliyekuumiza ni mtu wa tatu, tuseme lori la kampuni nyingine lililokugonga ukishusha mzigo, huyo unaweza kumshtaki.

Na kama hospitali ndiyo iliyokuharibu zaidi, hilo ni jambo tofauti: malalamiko hupelekwa kwa baraza la madaktari, KMPDC, na kesi ya uzembe kwa kawaida ina miaka 3, lakini dhidi ya serikali ni miezi 12. Hapo mimi naishia. Kama huna pesa za wakili, Kituo cha Sheria husaidia bila malipo. Nenda na ule mfuko wa plastiki.