Tundu la chaji likigoma kutoka usiongeze moto, ongeza bismathi

Mwaka wa kwanza nashika simu za watu niling'oa pedi tatu za bodi, vile vibati vidogo vya shaba ambavyo miguu ya vifaa inashikia, kwa mpigo. Nilikuwa natoa tundu la chaji, nikapuliza na bloa ya hewa ya moto kwenye nyuzi 400 za Selsiasi halitoki, nikapandisha 450, nikaona linacheza kidogo nikavuta na kibano, likaja na bodi yake. Simu ya mteja nikailipa mimi. Toka siku ile nikaelewa kwamba moto ulikuwa wa kutosha kabisa, shida ni ile risasi ya kiwandani inayotaka moto mkubwa, kwa hiyo badala ya kupandisha bloa wewe ichanganye hiyo risasi na chuma kiitwacho bismathi ili iyeyuke kwa moto mdogo.

Kwanza tuelewane maneno maana hapa mafundi wengi tunachanganya. Sisi waya wote wa kulehemu tunauita risasi, lakini ile iliyopo kwenye simu za sasa haina risasi hata chembe haha. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006 na viwanda vingi vikafuata, wakahamia stani yenye fedha na shaba kidogo, na hiyo inayeyuka kwenye 217 mpaka 220. Waya wetu wa 63/37 wa stani na risasi unayeyuka 183. Sasa angalia maajabu, stani peke yake inayeyuka 232, risasi tupu 327, ukizikutanisha zinashuka chini ya zote mbili. Bismathi yenyewe ni 271, lakini ukiipa stani kwa 58 kwa 42 unapata 138, na ukiweka zote tatu unashuka chini ya 100. Ukiongeza na kadimiamu unafika 70 hivi, ila hiyo achana nayo, kadimiamu ni sumu na moshi wake ukiuvuta unaharibu mapafu na figo, na kwa kazi yetu huihitaji.

Unaweza kununua waya au pesti iliyoandikwa 138, inatosha kabisa. Ukitaka ya chini zaidi tengeneza mwenyewe: bismathi gramu 50, waya wa 60/40 wa stani na risasi gramu 40, risasi tupu gramu 10. Bismathi agiza mtandaoni, risasi tupu chukua chubwi za wavuvi, usivunje betri ya gari kuitafuta maana kule kuna asidi na vumbi baya. Yeyusha waya kwanza kwenye kopo la chuma, ukishakuwa maji tumbukiza vipande vya risasi na bismathi kidogo kidogo ukikoroga, waya ulioyeyuka unavilamba vyenyewe bila kufikisha moto wa 327. Kopo liwe kavu kabisa, tone la maji likiingia linarusha chuma cha moto usoni. Fanyia nje, na hilo kopo lisirudi jikoni milele, mikono osha kabla hujashika chapati. Toa uchafu wa juu na kijiti kisha mimina vijiti vyembamba kwenye chuma baridi.

Kuipima weka kipande kwenye maji yanayochemka. Dar au Mombasa kitalainika na kuyeyuka mbele ya macho yako kama siagi. Nairobi maji yanachemka kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo kikigoma usidhani umekosea vipimo, kijaribu na bloa.

Haya tuje kwenye tundu. Toa betri, funika ic (zile chipu nyeusi) na plastiki za jirani kwa ile tepu ya njano inayohimili moto. Weka flaksi ya kutosha, ile dawa ya kusaidia risasi itembee na kushika, usiwe bahili hapa. Kichomeo weka 300, gusa kila mguu mkubwa wa tundu ukiulisha ile mchanganyiko mpaka ichanganyike na ya kiwandani, utaona inang'aa na kutembea, kisha pitisha tone moja refu juu ya miguu midogo yote, usiogope kuiunganisha saa hii. Ikishaingia vizuri pasha na bloa 220 au 250, upepo wa wastani, huku umeshika tundu na kibano bila kuvuta. Halivutwi, linanyanyuliwa. Risasi ya kawaida inaganda ukihesabu mbili, hii inabaki maji muda wa kutosha mpaka unashangaa, na hiyo ndiyo faida yake yote. Kama halijalegea bado kuna mguu haujachanganyika, rudi ulishe tena.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaruka halafu simu inarudi baada ya wiki mbili mteja amevimba. SAFISHA YOTE. Waya wa kunyonya, ule wa shaba uliosukwa, na flaksi, pitisha, weka waya mpya wa 183, nyonya tena, rudia mara mbili tatu. Bismathi ikibaki kidogo ikakutana na risasi ya waya wako inazaliwa sehemu inayoyeyuka kwenye 96 tu, na pia bismathi ni kavu, inakatika kama biskuti, na tundu la chaji ndio sehemu inayosukumwa na waya wa chaji kila siku. Kwa hiyo tundu jipya lichomelee na 183 ya kawaida, hii ya chini ni ya kutolea tu. Kwenye simu zenye bodi mbili zilizobebana kama sandwichi, kuanzia iPhone X, hapo mafundi wanaiacha 138 katikati ili wakati wa kuzifunga tena ic za ndani zisitembee, lakini pale hakuna mtu anayechomeka waya.

Hiyo ya chini ya 100 ikibaki usiitupe. Ukitaka kukunja bomba jembamba la shaba lisibonyee, paka oili ndani, ziba upande mmoja, iyeyushe uimimine ndani, acha igande, kunja taratibu, kisha chemsha bomba kwenye maji mpaka itoke, unaikusanya inatumika tena. Bomba la friji au la maji ya kunywa usifanyie hivi, mabaki hayaishi ndani.

Na kama nyumbani kuna presha kuka ya aina ya kihindi, ile sefti ndogo (vali ya usalama) ya kwenye mfuniko ndani yake kuna chuma cha familia hiihii, maji yakikauka moto ukapanda kinayeyuka na mvuke unatoka pale badala ya mfuniko kukurukia. Nimeshaletewa moja mtu anataka nizibe kwa waya wa 183 kwa sababu "inavuja". Nikakataa, hujui ile ilipangiwa moto gani na ukiziba kwa chuma kigumu zaidi umetengeneza bomu la maharage. Nenda duka la vyombo uulize sefti ya saizi hiyo.