Kuweka dayodi na transista mahali pa valvu kwenye ampu ya gitaa

Ukitengeneza ampu za valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, hapa Kisumu, shida unaijua. Valvu inakufa Ijumaa jioni, bendi ina kazi Jumamosi, na mjini sijawahi kukuta duka lenye 5Y3 kwenye kabati, ile valvu ya rektifaya inayogeuza stima ya transfoma kuwa mkondo mnyoofu. Utaagiza, utasubiri, na ikifika huenda imetikisika njiani hadi inalia kama kengele ukiigusa kwa kalamu. Dayodi ya 1N4007, inayopitisha mkondo upande mmoja tu na hivyo kuweza kazi ileile, inauzwa bei ya peremende pale Luthuli, Nairobi, na basi la usiku linakuletea asubuhi.

Wazo la kuchomeka dayodi au transista mahali pa valvu si geni. Miaka ya 1970 kampuni ya Teledyne ya Marekani ilitengeneza kifaa kilichoitwa Fetron: transista mbili za FET zilizopandana ndani ya kopo la chuma lenye pini za valvu. Siku hizi AMT wanauza 12AX7WS, inayochomekwa kwenye soketi ya 12AX7, valvu ndogo ya mwanzo, bila kuhitaji hita, yaani waya wa kuipasha joto. Ukiweza kuinunua, inunue. Mimi natengeneza zangu, na nimefikia msimamo mmoja: anza na rektifaya, kisha valvu moja ya mwanzo, na valvu za mwisho zinazosukuma spika ziache kama zilivyo. Pale mwishoni volti kwenye pleti, mguu wa valvu unaopokea mkondo, hupanda hadi karibu mara mbili ya volti ya juu ya ampu, ile inayotoka kwenye rektifaya, joto ni jingi, na transfoma ya spika ikiungua umepoteza zaidi ya bei ya valvu kumi.

Kabla ya bisibisi

Ndani ya ampu hizi kuna volti 300 hadi 500 za mkondo mnyoofu, na zinabaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Chukua resista ya kilo-ohmu 10, wati 5, uifunge kwenye nyaya mbili zenye vishikio vya plastiki. Mguu mmoja kwenye bodi ya chuma, mwingine kwenye kapasita kubwa, hesabu hadi kumi, halafu pima kwa mita. Chini ya volti 10 ndipo unaingiza mkono. Ukipima ampu ikiwa imewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni. Nimeona fundi akirushwa ukutani kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeshika bodi.

Tengeneza pia taa ya mfululizo: balbu ya wati 60 au 100 kati ya stima na ampu. Lazima iwe balbu ya zamani ya waya unaowaka, ya LED haifanyi kazi hii. Zimekuwa adimu; zangu mbili nilizipata soko la Kibuye Jumapili. Ukiwasha ampu na balbu ikawaka sana bila kufifia, zima: kuna shoti.

Hatua ya kwanza: pima kama ilivyo

Valvu za zamani zikiwa ndani, andika volti ya stima, volti ya juu baada ya rektifaya, volti kwenye pleti za valvu za mwisho, na volti juu ya resista ya kathodi zao, mguu unaotoa mkondo ndani ya valvu. Usipoandika sasa, baadaye hutakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya pili: plagi ya rektifaya

Chukua valvu ya pini nane iliyokufa. Izungushie kitambaa kizito mara tatu, vaa miwani, gonga kioo taratibu kwa nyundo ndogo hadi kivunjike ndani ya kitambaa. Safisha gundi ya zamani kwenye kitako, kisha pasha kila pini kwa chuma cha kulehemu na ukung'ute kitako kwa ghafla ili risasi ya zamani idondoke. Unabaki na kikombe cha plastiki nyeusi chenye pini nane tupu. Hiyo ndiyo nyumba ya dayodi zako.

Kwenye 5Y3, 5U4 na GZ34, pini 4 na 6 ni pleti, na volti ya juu hutoka pini 8. Dayodi zitoke pini 4 na pini 6, upande wenye mstari ukielekea pini 8. Waya za hita za volti 5, zilizo pini 2 na 8, hazina kazi tena, ziache zilivyo. Pini nyingine zisiguse chochote, maana baadhi ya watengenezaji walizitumia kwenye soketi kama vituo vya kuungia waya za mambo mengine.

Sasa idadi ya dayodi, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Chukua transfoma ya 325-0-325, yaani volti 325 kila upande wa waya wa katikati. Kilele chake ni 325 mara 1.414, yaani karibu volti 460. Dayodi inapofunga hubeba mara mbili ya hiyo, karibu 920. 1N4007 inavumilia 1000, kwa hiyo kwa karatasi inatosha. Lakini stima ya hapa haikai kwenye 240. Ikifika 264, ile 920 inakuwa zaidi ya 1010. Plagi yangu ya kwanza niliiweka dayodi moja kila upande. Ilifanya kazi wiki mbili, kisha usiku mmoja wa stima ya juu ikapigwa shoti, fyuzi ikakatika katikati ya sherehe, na mwenye harusi akabaki bila gitaa la solo. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo naweka mbili kwa mfululizo kila upande, nne kwa jumla.

Ukishalehemu, pima kwa mita upande wa dayodi: kutoka pini 4 kwenda 8 mkondo upite, kutoka 8 kwenda 4 usipite. Fanya vivyo hivyo kwa pini 6. Ndipo ujaze kikombe gundi ya epoksi.

Hatua ya tatu: kapasita na joto la valvu za mwisho

Wengi huishia kuchomeka plagi, kufurahia nguvu mpya, na kuirudisha ampu kwa mwenyewe. Hapana. 5Y3 hupoteza takribani volti 60 ikibeba miliampia 125, GZ34 hupoteza chini ya 20, na dayodi hupoteza volti moja au mbili tu. Kwa hiyo ukitoa 5Y3, volti ya juu inapanda, na inapanda papo hapo kabla valvu nyingine hazijapata joto la kuvuta mkondo. Kwenye mfano wetu kapasita zitaona volti 460 kila unapowasha. Kama zimeandikwa 450, zibadilishe kwanza, weka za zaidi ya 500, maana stima ikifika 264 ile 460 inakuwa karibu 506.

Kisha valvu zenyewe. Ampu moja yenye valvu mbili za mwisho za 6V6 iliyokuwa mezani kwangu ilikuwa na 5Y3 na resista ya kathodi ya ohmu 250. Kabla: volti 360 kwenye pleti, volti 20 juu ya resista. Gawanya 20 kwa 250, unapata miliampia 80, yaani 40 kila valvu. Toa 20 kwenye 360, zidisha kwa 0.040: wati 13.6. Hapo 6V6 iko kwenye ukingo wake, maana karatasi za data za zamani zinasema wati 12 na za baadaye 14. Baada ya plagi ya dayodi: volti 410, na 23.5 juu ya resista. Hiyo ni miliampia 47 kila moja, wati 18. Valvu hizo zingeng'aa nyekundu katika mwezi mmoja wa joto letu la ziwani.

Dawa yake ni resista ndani ya njia ya volti ya juu, kati ya dayodi na kapasita ya kwanza. Anza na ohmu 150, wati 10, ya saruji, iinue juu ya bodi isichome kitu. Washa, pima, ongeza ohmu hadi volti irudi karibu na ile uliyoandika hatua ya kwanza. Ukivuka ohmu 220, tumia ya wati 20. Faida moja inabaki hata hivyo: waya wa volti 5 haubebi tena ampia 2 za hita ya 5Y3, ni wati 10 zilizoondoka kwenye transfoma, na unaposhika kifuniko chake baada ya saa tatu za kupiga unaisikia tofauti.

Resista hii inaokoa valvu, tena inarudisha mguso. Mzee mmoja wa benga kutoka Kondele alipojaribu ampu yake ikiwa na dayodi tupu alipiga mistari miwili ya juu shingoni mwa gitaa akasimama.

"Fundi, sauti inatoka kabla kidole changu hakijafika."

"Mzee, nipe dakika kumi."

Alikuwa sahihi kabisa. Valvu ya rektifaya hulegea kidogo noti inapopigwa kwa nguvu, kisha volti inarudi, na mpigaji wa miaka mingi anautumia ule ulegevu bila kujua jina lake. Niliweka ohmu 180. Alipiga tena, hakusema neno, aliendelea tu kupiga. Nikafunga kifuniko.

Hatua ya nne: valvu ya mwanzo

12AX7 ina valvu mbili ndani ya kioo kimoja. Upande wa kwanza: pleti pini 1, gridi (mguu unaopokea sauti) 2, kathodi 3. Wa pili: 6, 7, 8. Hita ni 4, 5 na 9. Kabla ya kuichomoa, hakikisha hita za ampu haziko kwenye mfululizo, la sivyo valvu nyingine zitazimika pamoja nayo.

Transista ninayotumia ni LND150, mosfeti ya volti 500 ambayo hupitisha mkondo hata geti ikiwa kwenye sifuri, kama valvu. Dreni kwenye pini ya pleti, geti kwenye gridi, sosi kwenye kathodi. Mpangilio wa miguu utazame kwenye karatasi ya data, usikisie.

Hazifanani, kwa hiyo zipime moja moja. Unganisha geti na sosi, weka betri ya volti 9, na mita ya miliampia kwenye njia ya dreni. Utaona kati ya 1 na 3. Mimi huchagua zilizo juu ya 2.5, nyingine naziweka kando kwa kazi nyingine.

Kwenye geti weka resista ya kilo-ohmu 10. Kati ya geti na sosi weka zena ya volti 12, dayodi inayopitisha mkondo kinyume volti ikifika 12, upande wenye mstari ukiwa kwenye sosi. Zena hiyo moja ina kazi mbili. Geti ya LND150 haivumilii zaidi ya volti 20 kutoka kwenye sosi, nayo inailinda. Pia geti ikipanda juu ya sosi kwa zaidi ya nusu volti hivi, zena hupitisha mkondo, kama gridi ya valvu inavyofanya ikizidiwa. Bila hiyo, sauti ikizidi inakatika kwa namna kavu isiyo ya valvu. Ubaya wake ni kwamba inameza treble kidogo pale kitasa cha sauti kikiwa nusu. Ukiigeuza kimakosa, gitaa litasikika kwa kukwaruza au halitasikika; hilo ndilo la kwanza kukagua.

Mwisho, resista ya ohmu 470 au 680 kati ya sosi na pini ya kathodi, ndani ya plagi. Mosfeti ina ukuzaji mwingi kuliko 12AX7, na resista hii isiyo na kapasita juu yake inaushusha hadi pale ampu ilipozoea.

Chomeka, washa kwa taa ya mfululizo, pima volti kwenye dreni. Kwenye usambazaji wa volti 300 naridhika ikiwa kati ya 180 na 230. Ikizidi, punguza resista ya ndani ya plagi, au badilisha ile resista ya kathodi ya ampu ya 1.5k (kilo-ohmu) iwe 1k.

Usiijaribu kila soketi. Valvu inayogawa sauti kwa valvu mbili za mwisho inataka pande zinazofanana, na ile inayosukuma mwangwi wa springi inataka mkondo mwingi. Hizo ziache.

Hatua ya tano: sikiliza na mwenye gitaa

Masikio ya fundi hayatoshi. Mpe mpigaji gitaa lake mwenyewe, badilisha plagi moja tu kwa wakati, umwache apige nyimbo nzima. Kwa benga, ambako solo ni safi, kali, na kila noti inatenganishwa, plagi ya mosfeti imenipendeza: hakuna mvumo wa hita, na ampu ikikaa juu ya spika ya besi hailii. Kijana wa kanisani Manyatta anayependa gitaa lenye mkwaruzo alipiga dakika tano akaomba 12AX7 irudi. Nilimrudishia, mkwaruzo wa plagi yangu ulikuwa mwembamba, naye alisikia.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha masking tepu ndani ya kifuniko: tarehe, volti ya juu mpya, ohmu ulizoongeza, na neno "RESISTA HII ITOLEWE VALVU IKIRUDI". Valvu ya zamani kama bado ni nzima, ifunge kwenye sponji na umpe mwenyewe aende nayo nyumbani.