Somo: Kutoka Wete hadi mbele ya jukwaa la Ngome Kongwe

Asalaam alaykum wapenzi wa muziki. Tangu Mfungo Sita wanachama kadhaa wa kikundi chetu wameniuliza jambo lile lile: nataka kwenda kuisikiliza bendi ikipiga mbele ya macho yangu, nianzie wapi? Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Mie ni fundi cherehani wa Wete. Taarab nimelelewa nayo na naipenda mpaka leo, lakini kilichonishika moyo ni gitaa la umeme lililofunguliwa sauti, na dramu nyuma yake ikisukuma. Mjomba wangu alirudi kutoka Maskati na kanda ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, nikiwa niko skuli. Niliisikiliza mpaka utepe ukalegea, nikawa naukaza kwa kalamu. Baadaye sana nikaja kuambiwa kuwa yule mwimbaji, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja, Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na kwamba familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Nililia. Sauti niliyodhani imetoka mbali kumbe ilianzia ng'ambo ya maji tu.

Tangu Februari 2012 nimevuka karibu kila mwaka kwenda Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja. Haya ndiyo niliyojifunza.

Hatua ya 1: Chagua usiku wako

Tamasha hili lilianza 2004 na hufanyika Februari, Mji Mkongwe, jukwaa lake kubwa likiwa ndani ya Ngome Kongwe. Sharti lake kubwa ndilo linalonipeleka: kila anayepanda jukwaani apige na kuimba hapo hapo, hakuna kuimbia juu ya muziki uliorekodiwa. Huna haja ya siku zote. Ratiba ikitoka, tafuta majina usiyoyajua, wasikilize kwenye simu, kisha chagua usiku mmoja au miwili yenye magitaa. Roki tupu usiitegemee sana. Lakini mtu anayependa roki atakuta moto ule ule kwenye magitaa ya watu wa jangwani Sahara, ya Zimbabwe, ya Kongo. Mpiga solo akiinama juu ya gitaa lake utajua mwenyewe.

Usiombe ruhusa kazini kabla hujaona limetangazwa rasmi. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na mie nilikuwa nishashona nguo ya kwendea.

Hatua ya 2: Tiketi

Nunua kwa wenyewe, na uwe na kitambulisho, kwa sababu bei ya mwenyeji ni ndogo kuliko ya mgeni na utatakiwa uonyeshe. Mwaka mmoja nilinunua kwa kijana aliyesimama nje karibu na geti, akaniapia ni halali. Mlangoni nikaambiwa karatasi ile haitambuliki. Niliusikiliza usiku mzima nikiwa nje ya ukuta, nimekaa Forodhani, bustani iliyo mbele ya ngome, na kikombe cha juisi ya miwa, naisikia besi tu. Besi peke yake bila gitaa ni kama kusikia watu wakizungumza chumba cha pili. Inaumiza.

Hatua ya 3: Boti

Kutoka Wete napanda daladala namba 606 mpaka Chake Chake, kisha namba 603 mpaka Mkoani, kwenye boti. Kata tiketi mapema, maana wiki ile watu ni wengi. Februari ni kaskazi, upepo unavuma kutoka kule kwetu, kwa hiyo kwenda Unguja maji yanakusukuma kwa nyuma na kurudi unayapiga kwa uso. Tayarisha tumbo lako kwa safari ya kurudi zaidi kuliko ya kwenda.

Na hili nalisema kwa uzito. Sisi wa Pemba tuna watu wetu waliobaki mkondo wa Nungwi Septemba 2011, meli ilipozama imejaa kupita kiasi. Ukiona chombo kimejazwa, shuka. Muziki utakuwepo mwakani.

Pa kulala: jamaa. Ukiwa huna jamaa mjini, tafuta nyumba ya wageni nje ya Mji Mkongwe, ni nafuu, na urudi kwa teksi.

Hatua ya 4: Fika jua halijazama

Hili wengi hawalijui. Mchana bendi hujaribu vyombo, na hata ukiwa nje, ukipita njia ya Forodhani utasikia. Mpiga dramu anagonga ngoma moja tu, ile kubwa ya mguu, du, du, du, dakika nzima, huku fundi mitambo akiitengeneza. Kisha ile ndogo. Kisha besi. Gitaa likiingia mwisho utaelewa wimbo umejengwaje, kama unavyoona nguo vipande vipande kabla haijaunganishwa. Usiku ule wimbo ukipigwa mzima, sikio lako tayari linajua pa kushika.

Hatua ya 5: Masikio

Usiku wangu wa kwanza, 2012, nilikimbilia mbele kabisa nikasimama hatua mbili kutoka kwenye spika kubwa ya kushoto. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipofika kwa shangazi nikaona anafungua mdomo lakini maneno hayaji sawasawa, na masikioni kuna mlio mwembamba kama wa mbu. Mlio ule ulikaa siku mbili. Kwenye boti ya kurudi niliogopa kweli, kwa sababu niliwaza: nikipoteza hiki, nimepoteza kila kitu ninachokipenda.

Hesabu yenyewe ni hii. Sauti ya desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio huistahimili kwa muda wa kama saa 8. Kila ikipanda desibeli 3, muda hukatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na kama dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kuwa wastani usipite desibeli 100. Na 100 mbele ya jukwaa si jambo geni. Vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena.

Kwa hiyo vaa vizibo vya masikio, vile vya sponji. Duka kubwa la dawa wanavyo, au wauza vifaa vya mafundi. Watu huvivaa vibaya halafu wakasema havisaidii. Kisokote kizibo kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba kama njiti ya tambi. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, livute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, sukuma kizibo ndani, kisha kishikilie kwa kidole mpaka uhesabu 30, kivimbe kikiwa mahali pake. Ukikiachia mapema kinajitoa. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito kama unazungumza ndani ya mtungi. Pamba ya kawaida haitoshi, inazuia kidogo mno.

Utasema gitaa litapotea. Ukali wake utapungua, ndiyo, lakini utasikia nyuzi zikitenganishwa, na utaweza kusimama mpaka bendi ya mwisho.

Hatua ya 6: Pa kusimama

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na uwanja uko wazi juu. Sauti inakwenda, inagonga ukuta, inarudi imechelewa. Ukisimama nyuma kabisa karibu na ukuta, sauti zinazorudi zitachanganyika na ile ya jukwaani na maneno yatavurugika. Ukisimama mbele kabisa pembeni, utasikia spika moja tu, na gitaa lililoko upande wa pili halikufikii.

Mie humtafuta fundi mitambo. Yupo katikati ya watu, ana meza yenye vitufe na taa ndogo. Yeye anaisikiliza bendi kutoka pale na kuipanga kutoka pale, basi panapomfaa yeye ndipo panapokufaa wewe. Nasimama mbele ya meza yake, hatua nne au tano. Kila ukizidisha umbali wako na spika mara mbili, uwanjani sauti hupungua kama desibeli 6, kwa hiyo pale masikio yanapumua pia.  Ngoma ya mguu ikipigwa utaisikia kwenye nyayo kabla hujaijua masikioni.

Nyimbo mbili tu za usiku naruhusu nafsi yangu iende mbele. Nakwenda kutazama mikono. Mwaka mmoja nilimwona mpiga besi, mwanamke, kidole gumba kimefungwa plasta iliyolowa, na bado anavuta nyuzi zile nene kama kamba za dema. Hilo kwenye kanda hulioni.

Hatua ya 7: Itikia

Julai 1985, uwanja wa Wembley, Queen walipewa kama dakika 20 tu. Freddie akatoa sauti, watu wote wakamrudishia, akaibadilisha, wakamfuata. Nilipoona picha zile nilijisemea, haya si mageni kwetu. Maulidi ya Homu ni hivyo, msomaji anatoa, safu inaitikia na kuyumba pamoja. Kwa hiyo bendi ikikuomba uitikie, usione haya ati lugha huijui. Itikia. Wapigaji husikia, na wanapiga tofauti. Nimewaona wakitazamana na kuongeza wimbo ambao ulikuwa ushakwisha.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Chake Chake: Dada, simu je? Nataka kurekodi niwaonyeshe wenzangu.

Rekodi wimbo mmoja, kaka, wa pili au wa tatu, kisha simu mfukoni. Maiki ya simu haiwezi ukubwa ule, besi yote itatoka imepasuka. Na mwanga wa simu unamkera aliye nyuma yako. Picha nzuri utazipata kwa wenye kazi yao.

Mwanachama wa Micheweni: Mie sipingi, lakini wake zetu usiku ule kwenye umati wanajisitiri vipi?

Swali jema, na naliheshimu. Nakwenda na shangazi au na wifi yangu, hatuachani. Navaa buibui jepesi la pamba, si lile la kumetameta, kwa sababu Februari joto la ngomeni ni la kutoa jasho hata usiku. Upindo naukata juu inchi mbili zaidi ya kawaida, usikanyagwe watu wakianza kuruka. Viatu vya chini, vya kufunga. Umati ukibana tunahamia kwenye ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe, humo ngomeni, tunakaa pamoja. Hakuna aliyenivunjia heshima hata siku moja ambayo nilikuwa na mwenzangu. Peke yangu sendi.

Mwanachama wa Wete: Shoga, na Ramadhani ikiangukia Februari?

Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu, kwa hiyo fungua kalenda kabla hujapanga. Ikigongana na safari, mie nabaki nyumbani.

Mwanachama wa Mkoani: Hayo magitaa si kelele tu? Udi na fidla vimekosa nini?

Havijakosa kitu, mzee wangu. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, wapo tangu 1905, na kila nikiwasikia nasimama. Lakini nifanyie hisani moja. Siku bendi ya magitaa ikipiga, msikilize mpiga solo peke yake, usimfuate mwengine. Utamsikia anaimba mstari kama fidla inavyoimba, anausema, anaujibu, anauzungusha. Ikiwa baada ya nyimbo tatu bado ni kelele, basi nimekubali.

Mwanachama wa Konde: Nina mtoto wa miaka sita, ananing'ang'ania twende wote. Vizibo vya sponji vitamtosha?

Vitamtoka, kwa sababu masikio ya watoto ni madogo. Mtafutie vile vya kufunika sikio zima, kama wavaavyo wanaokata miti kwa mashine. Mpeleke bendi za jioni, kaa mbali na spika, na kabla hajachoka ondokeni, mle urojo mkalale. Wangu wa kwanza nilimpeleka hivyo, sasa anapiga dramu kwenye ndoo zangu za kufulia.

Mwanachama wa Kengeja: Mwanangu, mie nina miaka 67 na magoti yangu mabaya. Niliwahi kumwona Bi Kidude akiimba, sijawahi kuona magitaa haya. Nitaweza, au nimeshachelewa?

Shikamoo bibi. Bi Kidude mwenyewe alikuwa akipanda jukwaa hilo la Busara na umri wake wote ule, basi wewe wa 67 ni msichana. Zile ngazi za mawe ni ngumu, chukua mto mdogo wa kukalia na mtandio wa upepo wa usiku. Tutakaa safu ya chini ili usipande ngazi nyingi, na vizibo nitakuwekea mie mwenyewe. Nikishakata tiketi ya boti nitakupigia, uje Mkoani kwa gari ya asubuhi. Mie nitakuwa pale getini bandarini, nina mkoba wa kitenge cha manjano.