Kwenye majibu ya mafuta ya damu, msiishie kwenye kolesteroli

Ndugu zangu wa Moshi, mkipewa majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu, shusheni macho mpaka mstari wa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Chini ya miligramu 150 kwa desilita ni sawa. Kuanzia 200 ni nyingi, na zikifika 500 hata kongosho linaweza kuvimba ghafla. Karatasi ikiwa imeandikwa kwa milimoli, ile 150 inasomeka 1.7.

Wengi wetu tunadhani mchawi ni nyama tu. Baba yangu mdogo aliacha kitimoto kabisa, namba haikushuka. Tulipokaa naye ndipo tukaona: soda mbili kila siku, chai ya vijiko vinne vya sukari, na jioni kata za mbege. Sukari ikizidi, ini huigeuza mafuta na kuyaachia kwenye damu. Pombe nayo huchochea hayo hayo, hata hii yetu ya ndizi na ulezi. Na trigliseridi zikikaa juu, hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka.

Basi anzeni na kikombe kabla ya sahani. Mkienda Mbuyuni sokoni, acheni bodaboda, tembeeni. Mkiambiwa mpime bila kula, kaeni kwa muda wa saa 9 hadi 12 kwa maji tu. Chai ya maziwa asubuhi inaweza kupandisha namba. Ikiwa juu, ombeni na sukari ipimwe siku hiyo hiyo, maana kisukari mara nyingi hujificha hapo.