Kabla hujalipia kozi ya ASVAB

Kijana aliyetoka Mwanza, Kisumu au Goma na kufika Marekani akiwa na grini kadi mkononi huukuta mtihani wa jeshi akiwa na picha nyingine kabisa kichwani. Kwao alizoea kusikia kwamba usaili wa askari hufanyika uwanjani, watu wakikimbizwa, wakipimwa urefu na kukaguliwa meno. Huku anaambiwa kwamba pamoja na vipimo vya mwili atakaa mbele ya kompyuta na kuulizwa maana za maneno ya Kiingereza, hesabu, umeme na injini. Mtihani huo ni ASVAB, ulioanza mwaka 1968, na tangu mwaka 1976 matawi yote ya jeshi la nchi hiyo huutumia kuchagua askari wapya. Akianza tu kuulizia, matangazo ya kozi za maandalizi humjaa kwenye simu, mengine yakitaka mamia ya dola, naye hubaki akijiuliza kama alipe au asilipe.

Ushauri wangu ni kwamba usitoe hata dola moja mpaka ujue upungufu wako uko sehemu gani, kwa sababu ukishaujua, mara nyingi utakuta unatibika bure au kwa bei ya kitabu kimoja. Wapo watu ambao kulipa kunawafaa kweli, nao nitawaeleza, lakini ni wachache kuliko matangazo yanavyotaka tuamini.

Kinachopimwa ni nini

ASVAB ina sehemu nyingi, ila alama inayoamua kama utapokelewa au utarudishwa inaitwa AFQT, nayo hutokana na sehemu nne tu: maana za maneno, ufahamu wa aya, mafumbo ya hesabu, na hisabati ya darasani. Alama hiyo huanzia 1 hadi 99, na haihesabu maswali uliyopata, bali huonyesha unasimama wapi ukilinganishwa na vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Ukipata 50, maana yake umewafikia au umewapita nusu ya vijana hao. Jeshi la nchi kavu kwa kawaida hutaka angalau 31 kwa mtu aliyemaliza sekondari, na mwenye GED, yaani cheti cha mtihani unaochukua nafasi ya kumaliza sekondari, hutakiwa kupata zaidi ya hapo.

Jambo ambalo wauzaji wa kozi hulitaja kwa nadra ni namna alama hiyo inavyokokotolewa. Alama ya maneno na ile ya ufahamu huunganishwa kuwa alama moja ya lugha, alama hiyo huzidishwa mara mbili, ndipo zinapoongezwa alama za mafumbo ya hesabu na hisabati. Kwa hiyo nusu ya uzito wote ni Kiingereza, na hata yale mafumbo ya hesabu ni Kiingereza kwanza kabla hayajawa hesabu. Kozi ya wiki tatu inayouza mbinu za kujibu haiwezi kumpa mtu msamiati, kwa kuwa msamiati huingia taratibu, kwa kusoma kila siku kwa miezi.

Zipo pia alama nyingine zinazoamua utapangiwa kazi gani ndani ya jeshi. Katika jeshi la nchi kavu, ile iitwayo GT hujengwa kwa lugha na mafumbo ya hesabu, na anayetaka kusomea uofisa akitokea kwenye uaskari huhitaji GT ya 110. Hapa naomba msomaji mwenye grini kadi awe makini: kazi zinazohitaji kibali cha kuona siri za serikali hupewa raia peke yao. Usikubali kuuziwa kozi ya kupandisha alama kwa ajili ya kazi ambayo huwezi kupewa kabla hujapata uraia. Mwulize kwanza afisa wa kuandikisha askari ni kazi zipi zilizo wazi kwako leo na kila moja inadai alama ngapi, kisha ndipo uamue unahitaji kupanda ngazi ngapi.

Jipime kabla ya kununua dawa

Tenga asubuhi moja tulivu, zima simu, weka saa mezani, na ufanye jaribio la sehemu zile nne kwa muda wa mtihani wenyewe. Tovuti rasmi ya ASVAB ina maswali ya mfano yasiyolipiwa, maktaba za umma zina vitabu vya mazoezi, na afisa wa kuandikisha anaweza kukupa jaribio fupi la kukukisia alama bila malipo. Usipunguze ukali wa saa, kwa maana sehemu ya maneno ina maswali 15 kwa dakika 9, yaani sekunde 36 kwa kila neno, na mtu anayetafsiri kila neno kwa Kiswahili moyoni hawezi kuumaliza muda huo salama.

Baada ya hapo, chukua kila swali ulilokosa na uandike pembeni yake sababu ya kulikosa: hukulijua neno, hukuijua kanuni, ulikosea vipimo, au muda ulikuishia. Kazi hii ndiyo moyo wa mwongozo wote, na wengi huiruka wakakimbilia kulipa.

Tazama mfano huu nilioutunga kwa mtindo wa mafumbo ya mtihani huo. Sakafu ya chumba ina urefu wa futi 15 na upana wa futi 12, na zulia linauzwa dola 18 kwa yadi moja ya mraba; kuifunika sakafu yote kutagharimu kiasi gani? Mtu aliyelelewa kwa mita huzidisha vizuri akapata futi za mraba 180, akakumbuka kwamba yadi moja ni futi 3, akagawanya kwa 3 na kupata 60, kisha akajibu dola 1,080. Mtungaji makini wa maswali ya kuchagua atakuwa ameliweka jibu hilo miongoni mwa yale manne, likimngoja mtu kama huyo. Lakini yadi moja ya mraba ina futi za mraba 9, maana ni 3 kwa 3, hivyo sakafu ni yadi za mraba 20 na zulia ni dola 360. Aliyekosa hapa hakukosa akili wala hesabu, amekosa vipimo vya nchi aliyohamia. Dawa yake ni karatasi moja iliyobandikwa ukutani: inchi 12 kwa futi, futi 3 kwa yadi, futi 5,280 kwa maili, painti 8 kwa galoni, aunsi 16 kwa ratili. Karatasi hiyo aipitie kila anapopiga mswaki kwa wiki mbili. Kumtoza mtu dola 300 kwa upungufu wa aina hii ni kumdhulumu.

Upungufu hutegemea pia ulikosomea. Aliyemaliza sekondari Kenya amesoma kwa Kiingereza tangu utotoni, na mara nyingi tatizo lake ni hisabati iliyoota kutu kwa sababu ya miaka ya kufanya kazi, pamoja na hivyo vipimo vya futi na galoni. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania amejifunza hesabu kwa Kiswahili, na ingawa sekondari ilikuwa kwa Kiingereza, bado maneno kama "quotient" au "remainder" humchelewesha hata pale anapoijua kazi yenyewe. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo au Burundi ana faida ambayo wengi hawaitambui, kwa sababu maneno mengi magumu ya Kiingereza yametoka kwenye Kilatini, hivyo akiona "tranquil" (tulivu) au "fragile" (rahisi kuvunjika) tayari ana jibu. Hata hivyo ajihadhari na maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana: "actual" ya Kiingereza (halisi) haina maana ya "actuel" ya Kifaransa (ya sasa), wala "sensible" ya Kiingereza (mwenye busara) si "sensible" ile aliyoizoea (mwepesi wa kuhisi). Orodha ya maneno mia moja ya namna hiyo, aliyoiandika kwa mkono wake, itamfaa kuliko video za mwalimu asiyejua Kifaransa.

Milango isiyolipiwa

Kadi ya maktaba ya umma hupatikana bure kwa mkazi, na maktaba nyingi huwapa wenye kadi vitabu pamoja na majaribio ya mtihani huu kwenye mtandao. Hisabati yote inayohitajika, kuanzia sehemu na asilimia hadi aljebra na jiometri ya mwanzo, inafundishwa na tovuti ya masomo ya Khan Academy bila malipo, na mtu anaweza kusimamisha somo na kulirudia hata mara kumi. Madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima yanayogharimiwa na serikali yapo karibu kila mji mkubwa, na kwa mtu mwenye upungufu wa lugha ningeyaweka mbele ya kozi yoyote ya ASVAB. Mzazi mwenye mtoto sekondari aulize kama shule yake hutoa ASVAB, kwani hapo mtihani ni bure, na alama za wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho zinaweza kutumika kujiandikisha.

Jeshi lenyewe nalo hufundisha. Tangu Agosti 2022, jeshi la nchi kavu limekuwa na kozi ya maandalizi huko Fort Jackson, South Carolina, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliokaribia kufikia alama au vipimo vya mwili bila kuvifikia, nao hulipwa mshahara wakati wakisoma. Kwa wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, jeshi lina chuo cha Kiingereza katika kambi ya Lackland, San Antonio, Texas. Masharti ya kuingia hubadilika kadiri mahitaji ya jeshi yanavyobadilika, kwa hiyo uliza masharti ya wiki hii, wala usitegemee aliyoyakuta binamu yako miaka mitatu iliyopita.

Anayefaa kulipa, na anacholipia

Fedha ya kozi inaweza kuwa na thamani kwa sababu mtihani wenyewe una kalenda. Ukishindwa, hungoja mwezi mmoja kabla ya kurudia. Ukishindwa tena, hungoja mwezi mwingine. Baada ya hapo kila jaribio hudai miezi sita. Alama ulizopata hudumu miaka miwili. Mtu aliyekosa mara mbili kwa hiyo anaukabili mtihani wa tatu ambao, akiukosa, utamgharimu nusu mwaka, na kwake saa kumi za mwalimu mzuri ni gharama ndogo. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeachana na shule miaka kumi na tano iliyopita, ambaye amejaribu aljebra peke yake kwa wiki kadhaa na kila mara anakwama palepale bila kujua kosa linaanzia mstari gani. Mtu huyo anahitaji macho ya mwingine juu ya daftari lake.

Watu hawa nawashauri walipie mwalimu kwa saa, wala wasinunue furushi zima la kozi. Mpelekee mwalimu yale maswali uliyoyakosa pamoja na sababu ulizoandika, mwambie unataka msaada katika sehemu hiyo peke yake, na baada ya saa tatu jipime tena kabla ya kuongeza nyingine.

Ukiona lazima ununue kozi, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa kadi ya benki: je, anafundisha mtihani wa karatasi au wa kompyuta? Katika vituo vya kuandikishia wanajeshi, vinavyoitwa MEPS, mtihani hufanywa kwa kompyuta inayobadilisha ugumu wa swali kulingana na jibu lililotangulia, na ukishajibu huwezi kurudi nyuma. Ushauri wa kuruka maswali magumu ili uyarudie baadaye ni wa karatasi, na kwenye kompyuta hauna kazi. Kubahatisha ovyo pia hutofautiana: kwenye karatasi hakukupunguzii alama, bali kwenye kompyuta, ukibofya majibu bila kusoma kwa sababu muda unaisha, alama yako huumia. Muuzaji asiyeijua tofauti hii hastahili fedha yako.

Anayeahidi alama fulani, muache. Anayedai ana maswali halisi ya mtihani ama anadanganya, ama anakuingiza kwenye kosa linaloweza kufuta alama zako. Lipo pia toleo la mtihani, PiCAT, ambalo mtu hulifanya nyumbani bila msimamizi, na wapo watu wanaojitolea kukufanyia kwa malipo. Lakini matokeo hayo huhakikiwa kwa jaribio fupi mbele ya msimamizi kituoni, na hapo udanganyifu huonekana. Kujiunga na jeshi hakulipiwi kwa yeyote, hata kama anayekudai fedha ni mtu wa kwenu mnayeswali naye au kuimba naye kwaya. Mpwa wangu alilipa dola 250 kwa kundi moja la WhatsApp akatumiwa picha za kurasa za kitabu cha mazoezi, na pembeni ya ukurasa wa kwanza ulionekana muhuri wa maktaba ya umma. Iliniuma sana, kwa sababu fedha hiyo ilikuwa ya zamu za usiku ghalani, na kitabu kile kilikuwa kikipatikana kwenye rafu ya maktaba yoyote ya jirani.

Kama una akiba ndogo, fahamu kwamba cheti cha sekondari kutoka nje ya Marekani huhitaji kutathminiwa na taasisi inayotambuliwa, na tathmini hiyo hutozwa ada. Muulize afisa ni taasisi zipi zinazokubaliwa, na uitengee hiyo fedha kwanza. Kisha jipe wiki sita za saa moja na nusu kila siku, nusu ya muda huo ikiwa ya kusoma Kiingereza, na ufanye jaribio kamili kila Jumamosi ya pili. Alama zikipanda, endelea hivyo hivyo bila kulipa. Zikipanda kwingine kote ila sehemu moja ikabaki palepale kwa majaribio matatu, tafuta mwalimu wa sehemu hiyo.